Kizibo cha Isale

Jumatatu ya pili ya Novemba mwaka 1996, saa mbili na robo asubuhi, fundi Yoramu alichukua kipande cha chaki akaandika makosa tisa ubavuni mwa gari la Aikande. Klachi inateleza. Radieta inavuja. Breki za nyuma hakuna. Taa za ndani zinafifia. Pampu ya maji imekufa. Jiko la gesi linazima lenyewe. Paa linavuja juu ya kitanda. Mlango wa choo haufungi. Tangi la maji limetoboka. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu gari lilikuwa na ubavu wa kutosha, na kwa sababu aliamini kwamba gari likiona makosa yake yameanikwa hadharani huona haya kuongeza mengine.

Lilikuwa gari la Kijerumani la mwaka 1974, rangi ya maziwa yaliyolala, lenye kitanda, meza ya kukunja, makabati, jiko, beseni la kuoshea vyombo na choo. Wazungu wawili wazee, mume na mke, walilileta kwa barabara kutoka kwao mpaka Marangu, likawafia kwenye uwanja wa mahema wa hoteli moja. Aikande alikuwa mpishi wa hoteli hiyo. Wale wazee walikula mtori wake, supu nzito ya ndizi na nyama, wiki tano wakisubiri spea kutoka Ulaya, na spea zilipoendelea kutokuja walikata tiketi za ndege, wakaibadilisha kadi ya gari iwe kwa jina la Aikande Mtui, wakampa ufunguo, wakaondoka wanalia. Yule bibi alilia zaidi kwa ajili ya mtori.

Zawadi ilikuja wakati wake. Baba yake Aikande alikuwa amefariki mwezi Mei huko Mwika, na ukoo ulikaa kikao ukaamua kama ulivyoamua siku zote: nyumba ya baba na kihamba chake, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambalo familia huishi ndani yake, vinakwenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Huyo alikuwa Eliezeri, mfanyabiashara wa Himo, ambaye tangu biashara zifunguliwe alikuwa akiuza televisheni na majokofu ya kutoka Dubai. Eliezeri alitaka kuibomoa nyumba ya zamani ajenge ya matofali, vyumba sita, ya kulala wiki mbili za Krismasi, kama wafanyavyo Wachaga wote wenye uwezo. Miezi kumi na moja na nusu inayobaki nyumba hizo hulala zenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia dada yake kwa upole, tena akiwa amemletea sukari kilo mbili, kwamba ingependeza kama Krismasi ingemkuta ameshapata pa kwenda.

Aikande alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliwahi kuolewa Machame, akarudi baada ya miaka minne, na kwa miaka kumi na moja ya mwisho alikuwa amemwogesha baba yake, amempikia na kumpalilia migomba. Pa kwenda hakuwa napo. Alichokuwa nacho ni gari la kulala lisilotembea. Kwa hiyo alilivutisha kwanza mpaka Mwika, nyumbani, apakie vyombo vyake, kisha akaomba lori la ndizi limvute mpaka Moshi kwa Yoramu. Hapo akamweleza fundi shida yake yote kwa sentensi moja: ifikapo Krismasi anataka awe amekaa mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia ondoka.

"Hiyo mimi siiwezi, mama," Yoramu alisema. "Mimi nitakutengenezea breki."

Gereji yake ilikuwa upande wa Pasua, uwanja wa hatua ishirini kwa thelathini uliozungushiwa mabati, na langoni alikaa Flavia, mama lishe, aliyejua habari za magari yote kuliko wenye magari. Yoramu alikuwa fundi wa aina yake. Alianza na makosa madogo ili gari limzoee. Msemo wake ulikuwa kwamba kosa haliko pale linapoonekana, na mara nyingi alikuwa sahihi: taa za ndani hazikufifia kwa ajili ya betri bali kwa waya wa ethi ulioliwa na kutu, na jiko la gesi lilizima kwa sababu buibui wa Kijerumani, au labda wa Marangu, alikuwa amejenga ndani ya bomba. Alimtoa buibui kwa waya wa spoku, akamweka juu ya ukuta, akaenda kwenye kosa linalofuata. Klachi aliipata kwenye lori lililokufa. Paa akalipaka lami na turubai. Springi za nyuma akaziongezea majani mawili ya lori ili gari lisikae kama kuku anayeatamia. Na kwa kuwa Aikande alikuwa mpishi, alimkatia dirisha pana ubavuni, lenye ubao wa kushuka, pa kuuzia chakula. Dirisha hilo lilifuta makosa mawili ya chaki ambayo bado hayajatengenezwa, lakini yote yalikuwa kichwani mwake.

Lililomshinda ni tangi. Lilikuwa la bati, chini ya kitanda, na kona yake moja ya chini ilikuwa imelika na kutu ikaacha tundu la kupitisha kidole. Kulichomelea hakukuwezekana, bati lingeyeyuka. Gundi ilikataa kushika. Raba ilishika siku mbili ikaachia. Ndipo Yoramu alipoliona tawi la isale limenasa nyuma ya bampa. Lori la ndizi lilipokuwa linalivuta gari kutoka nyumbani kwa Aikande lilikuwa limekwangua mpaka wa kihamba cha baba yake, na mipaka ya vihamba Uchagani hupandwa isale, ule mmea wa majani marefu usiokufa hata ukiukata ukautupa. Tawi lilikuwa limekaa hapo wiki tatu, katika vumbi na moshi wa sailensa, na lilikuwa bichi kabisa.

Fundi wa Tanga angetafuta raba nyingine. Yoramu alizaliwa Old Moshi, na akilini mwake isale haiozi, haikauki na ikilowa inavimba. Alikata kipande cha urefu wa kidole, akakichonga, akakizungushia ganda kavu la mgomba, akakigongomea kwenye tundu. Akajaza maji ndoo nane. Hayakutoka hata tone. Akafuta kosa la tisa kwa kiganja.

Siku ya tatu asubuhi alipofungua geti, gari lilikuwa limezungukwa na isale kwa mstari ulionyooka, pande nne, zikiwa kimo cha goti. Ndani ya mstari kulikuwa na migomba ishirini na minane, mingine imeshatoa mikungu, na chini yake kahawa, magimbi na mnafu. Yoramu alisimama, akapiga miayo, akasogeza jeki iliyokuwa imeinuliwa na gimbi. Kisha akachukua chaki, akaandika ubavuni: Gari linaota kihamba.

Flavia alikuja na chai. "Tangi umeziba na nini?"

"Isale."

"Isale ya wapi?"

"Ya kwao huyu mama. Ilinasa kwenye bampa."

"Isale ya mpaka unaiweka kwenye maji, halafu unategemea nini?" alisema Flavia, na akaingia kuchuma mnafu, kwa sababu siku hiyo alikuwa hajapata mboga.

Yoramu alilitafuta kosa kama anavyotafuta makosa mengine. Alitoa maji yote kwenye tangi, migomba ikaendelea. Alichomoa waya za betri zote mbili. Migomba ikaendelea, ila taa za ndani zikazimika. Aliwasha injini akaliendesha gari mpaka daraja la Karanga na kurudi, na alipogeuza shingo aliona kihamba kimebaki pale pale gerejini, hakikumfuata. Kwa hiyo likitembea halioti, likisimama siku tatu linaota, na kikishaota hakitoki. Alimwita mpima ardhi aliyekuwa akija kwake kurekebisha pikipiki. Mpima akatandaza utepe akakuta uwanja ni ule ule, hatua ishirini kwa thelathini, na kihamba kilichomo katikati yake ni hatua thelathini na tano kwa sitini. Aliviandika vipimo vyote viwili katika daftari lake, akasema ameshaona hesabu mbaya zaidi ya hiyo mjini Moshi, na akauliza kama kabureta yake imeshakuwa tayari.

Aikande alikuja siku ya Alhamisi, siku yake ya mapumziko. Alisalimia, akavua viatu, akaingia ndani ya isale akauzunguka mpaka wote kwa miguu mitupu, taratibu, mkono wake ukigusa kila mmea. Pembe ya nne alikaa chini akalia. Alilia kwa furaha, na hakujificha. Tangu azaliwe alikuwa amepalilia ardhi ya watu: ya baba, ya mume, ya baba tena. Hii ilikuwa imeota chini ya kitanda chake.

"Fundi," alisema alipomaliza, "hiki ni cha nani?"

Yoramu alifikiri. Uwanja alikuwa amepanga, kwa hiyo si wake. Na hata hivyo uwanja ulikuwepo wote, haukupungua. "Gari la nani?" alijibu.

Siku hiyo Aikande alikata mkungu wa mchare akapika mtori kwenye jiko la ndani ya gari, dirisha likiwa wazi, na gereji nzima ikala. Mtu mmoja aliyekuwa anasubiri gaskiti alisema mtori una ladha ya Mwika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mtu huyo alikuwa anafuata ndizi Mwika, na alikuwa na mdomo.

Jumamosi ya tarehe 14 Desemba ukoo wa Mtui ulishuka na pikapu ya Eliezeri. Walikuwa wazee wanne, Eliezeri, na mbele kabisa Mzee Aminieli, mdogo wa marehemu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Aikande alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Za huku kwenye joto?"

"Nzuri baba. Karibuni."

Yoramu aliwatolea viti vya basi lililokuwa limefumuliwa, wakavipanga chini ya migomba. Kabla ya kukaa waliomba kuliona gari. Walipita mmoja mmoja, wakafungua makabati, wakabonyeza godoro, na walipofika nyuma wakasimama kwa muda mrefu kuliko pote.

"Yeleuwii," alisema mzee mmoja. "Choo kiko hatua mbili kutoka jikoni!"

"Na wanakula?" mwingine aliuliza.

"Wanakula, baba," Aikande alisema.

Walitoka nje wakitikisa vichwa, na kwa robo saa hawakuzungumza jambo jingine. Kisha Mzee Aminieli akaenda mpakani, akalishika jani la isale, akalikunja, akalinusa na kulilamba. "Hii ni ya kaka yangu," alisema. "Yake ilikuwa na hiki kipindo hapa. Aliipanda baba yetu." Wazee walikubali. Walikagua kahawa wakasema imekaa vizuri ila inataka kupogolewa. Hakuna aliyehoji kihamba kimetoka wapi. Kilikuwa kihamba, kina isale, na isale haisemi uongo.

"Sasa," Mzee Aminieli alianza, akiwa amekaa kwenye kiti cha basi chenye namba 14. "Isale ni ya ukoo. Penye isale ya ukoo ndani yake ni kihamba cha ukoo. Kihamba cha ukoo kinakwenda kwa mtoto wa kiume. Naona jambo hili si gumu."

"Baba," Aikande alisema, "kadi ya gari ina jina langu."

"Gari ni lako. Nani amegusa gari lako? Isale si spea, mwanangu."

"Eliezeri ameshapata kile cha Mwika. Hiki kikiwa chake atakuwa na viwili, na mimi sina hata kimoja. Nipeni kimoja. Kile cha Mwika, au hiki. Chagueni nyie."

Wazee waliangaliana. Si kwamba hawakuona. Mmoja wao, ambaye binti yake mwenyewe alikuwa amerudi nyumbani mwaka uliopita, aliangalia viatu vyake. Mzee Aminieli alikohoa.

"Ukishapewa, utakufa," alisema kwa upole. "Ukifa kinakwenda wapi? Kwa watoto? Huna. Ungekuwa nao, ni wa Machame. Tutakuwa tumewapa watu wa Machame ardhi hapa hapa Moshi, tena isale ya baba yangu ikiwa imesimama inatazama."

"Nikishakufa kichukueni. Nataka kukaa nikiwa hai."

Hilo lilikuwa neno zuri na wote walilisikia. Nje ya mabati Flavia alikuwa akisonga ugali. Eliezeri ndiye aliyeinuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa moshi. Alimpenda dada yake, aliyembeba mgongoni mpaka alipoanza shule. Alikwenda mpakani akachuma jani moja la isale, akalifunga fundo katikati, akarudi akapiga magoti juu ya udongo wenye mafuta ya injini, na suruali yake ya Dubai, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Dada, nisamehe," alisema.

Uchagani mtu akikuletea jani la isale akakuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa. Hata aliyeua mtu husamehewa kwa jani hilo. Watu hawakumbuki aliyewahi kukataa, na wanaodai kukumbuka husema ng'ombe wake wote walikauka maziwa, na wajukuu zake mpaka leo hawasalimiwi vizuri. Aikande aliliangalia jani. Lilikuwa limetoka kwenye tangi lake. Alimwangalia mdogo wake amepiga magoti, kisogo chake kikiwa kimeanza kupata upara kama wa baba.

"Unaniomba msamaha kwa kukichukua," aliuliza, "au unakirudisha?"

"Nakuomba msamaha," Eliezeri alisema.

Aikande alilipokea jani. Wazee walishusha pumzi, mmoja akashukuru kwa Kichaga, "Aika," nao wakapewa mtori, na kabla ya alasiri walikuwa njiani kurudi. Eliezeri alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu. Akamwambia asiwe na haraka ya kuondoka, akae mpaka Jumatatu.

Jumatatu Yoramu alikuwa anamsubiri Aikande na raba mpya, nene, aliyoikata kwenye tairi la trekta, na mikanda miwili ya chuma. "Nimepata dawa ya tangi," alisema. "Natoa kile kizibo, naweka hiki. Gari litakuwa zima. Halitaota tena kitu."

"Na likiacha kuota?"

"Litakuwa gari, mama. La kulala."

Aikande alikaa kwenye ngazi ya gari. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba alishindwa kuisema, kwa hiyo alimenya ndizi. Alimenya mkungu mzima. Alipofika ndizi ya mwisho alisema, "Acha. Niongezee tu mahali pa kuning'iniza jembe."

Yoramu alichomelea vyuma viwili nyuma, karibu na tairi la akiba. Hilo ndilo lilikuwa boresho la mwisho, naye alilifanya bure, kisha akafuta ubavu wote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kosa la kumi tu, lile la kuota kihamba, aliliacha bila kulifuta, akisema hilo si kosa, ni tabia.

Aikande aliacha kazi ya hoteli. Aliegesha Himo, penye njia panda, akafungua dirisha akauza mtori kwa madereva wa malori ya Kenya. Siku ya tatu isale ilichipua, na njia panda ya Himo haikupungua hata hatua moja. Malori yalipita kama kawaida, ila upande wa kushoto palikuwa na kihamba chenye kivuli kizuri. Siku ya kumi na mbili ukoo ulifika. Eliezeri alichuma jani, akapiga magoti, akaomba msamaha, akasamehewa. Aikande akahamia Holili. Ikawa hivyo hivyo. Akahamia Mkuu, karibu na soko, kisha Tarakea, kisha akarudi Mkuu upande wa pili.

Huko Mkuu mwanamke mmoja mjane, Bernadetha, muuza maharage, alimwomba kipande cha isale cha kuzibia pipa lake. Aikande alimkatia kwa moyo mmoja, akamwonyesha na namna ya kukichonga. Kiliota vizuri tu, kihamba cha kupendeza, migomba kumi na tisa. Shemeji zake Bernadetha walifika Jumamosi.

Gari lenyewe halikumsumbua. Mara mbili kwa mwaka alilishusha Moshi kwa Yoramu, wakabadilisha oili, wakakaza breki, na mwaka 2000 wakaweka alternata ya kisasa na friji ndogo. Kuingia gerejini Yoramu sasa alilazimika kubisha hodi, kwa sababu katikati ya uwanja wake palikuwa na nyumba ya matofali ya Eliezeri, vyumba sita, mapazia yakiwa yamefungwa, ikisubiri Krismasi. Flavia alikuwa amepewa kazi ya kufagia mbele ya mlango wa nyumba hiyo.

Krismasi ya mwaka 2003 Aikande alipanda Mwika kusali na kula na watu wake. Ukoo mzima ulikuwa umekuja, kutoka Dar, Arusha, mmoja kutoka Maryland. Mbuzi wanne walichinjwa. Baada ya chakula Mzee Aminieli, ambaye sasa hakuona vizuri, aliomba ukimya akasema anataka kumshukuru mtoto wao Aikande mbele ya wote. Alisema tangu ukoo uanze hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyeuletea ardhi nyingi kama yeye. Wakati watu wa mlimani wanagawana vipande vya kulaza mbuzi wawili, ukoo wa Mtui ulikuwa umeongezeka vihamba kumi na kimoja. Watu walipiga makofi kwa nguvu, wanawake wakapiga vigelegele, na Aikande akapewa blanketi zito zuri. Eliezeri alipiga makofi kuliko wote.

Aikande alisimama na blanketi lake, akashukuru. Kisha akauliza, kwa sababu alikuwa na miaka hamsini na mitatu na mgongo ulikuwa umeanza kumuuma anapokanyaga klachi:

"Baba, na mimi nitazikwa wapi?"

Mzee Aminieli alitabasamu kuelekea sauti ilikotoka. Lilikuwa swali jepesi, na alifurahi kuwa na jibu lake.

"Mwombe mdogo wako, mwanangu. Ana vihamba kumi na viwili. Hawezi kukosa nafasi."

"Hata kesho!" Eliezeri alisema, na watu wakacheka, naye akagundua alichosema akacheka zaidi. Aikande pia alicheka. Kilikuwa kichekesho, na angekisikia kwa mtu mwingine angekipenda.

Tarehe 27 aliaga. Alipita Himo akanunua mkate, akaenda mpaka Useri, mahali penye mteremko mwepesi anapoonekana Mawenzi akiwa karibu kabisa, akaegesha, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Alipika, akauza, akalala, akaamka. Siku ya tatu alfajiri alifungua mlango akazikuta isale zimesimama pande zote nne, zina umande. Alivua viatu akazunguka mpaka wote, kama alivyofanya katika vihamba vyote vilivyotangulia. Huwa hapungukiwi furaha hiyo. Inakuja nzima kila mara, na hajaizoea.

Katika miaka saba alikuwa ameujua ukoo wake. Mmoja huwa msibani, mwingine ana mgeni, pikapu inataka tairi, mchungaji ana semina, na Eliezeri lazima amalize mzigo wa mwezi. Safari hii kulikuwa na mwaka mpya katikati, na wale wa Dar wangekuwa wanasafiri. Alihesabu kwa vidole, akarudia tena ili awe na hakika. Hawangefika kabla ya tarehe kumi.

Hizo zilikuwa siku kumi na moja. Akatoa jembe kwenye vyuma vyake nyuma ya gari, akaanza kupalilia.